Fyuzi ya Gari la Najiat

Mlio ulikuwa mmoja tu, pah, kama mtu aliyekanyaga chupa tupu ya maji, lakini gereji nzima iliusikia. Aliyekuwa amelala chini ya lori alitoka. Aliyekuwa anagonga bodi aliishusha nyundo. Wote wakatazama upande mmoja, na huko wakamwona Marko ameketi nyuma ya usukani wa gari la Najiat, kidole kingali kwenye kitufe cha kuwashia, na taa zote za dashibodi zimezimika.

Inamahoro, mke wake, alikuwa getini kwenye meza yake ya uji. Alisikia mlio, akaona nyuso, akajua kwamba limetokea jambo na kwamba jambo lenyewe ni la mumewe. Akafunika ndoo ya uji na kwenda.

“Umelifanyaje?” Najiat alikuwa anauliza.

“Nimeliwasha tu, dada.”

“Lilikuja hapa linatembea.”

Na kweli lilikuja linatembea. Tangu Jumamosi lilikuwa linawasha alama nyekundu ya pembetatu na kukosa nguvu kwenye miinuko, lakini asubuhi hiyo ya Jumatatu liliingia getini kwa magurudumu yake lenyewe. Lilikuwa gari la haibridi, lenye injini ya petroli mbele na betri kubwa ya volti mia mbili nyuma ya kiti cha abiria wa nyuma. Marko alikuwa amefungua buti, akanyanyua zulia, akachomoa plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri ile kubwa, akaitazama, akairudisha, kisha akabonyeza kitufe. Alikuwa fundi umeme wa magari kwa miaka ishirini na miwili. Haibridi hakuwa amewahi kuifungua hata moja. Hilo hakumwambia mtu, na tuseme ukweli, hakuna aliyemuuliza.

Najiat hakupandisha sauti. Uwanja ule wa gereji, pale Ng’ambo, Tabora, aliachiwa na marehemu baba yake, na mafundi wote walikaa mle kwa ridhaa yake. Mwenyewe alinunua asali Ipole na kuisafirisha Dar es Salaam, na mtu wa biashara ya asali hana haraka ya kugombana.

“Fundi,” alisema, “gari ni la kaka yangu, mimi ameniazima tu. Ijumaa baada ya swala ananipigia simu, na lazima nimweleze. Liwe linawaka siku hiyo. Lisipowaka, utanisamehe, utatafuta banda kwingine.”

Akaondoka kwa bodaboda, mtandio ukipepea, na mafundi wakarudi polepole kwenye kazi zao, kila mmoja akijifanya hakusikia.

Banda lenyewe ni mabati sita na nguzo nne. Lakini Marko alikaa chini yake miaka kumi na tisa, na dereva anayetoka Sikonge au Urambo gari likimgomea umeme alielekezwa huko huko, kwa Marko, banda la pili kushoto. Meza ya uji nayo ilisimama getini kwa sababu banda lilikuwa ndani. Ukiling’oa banda umeing’oa na meza, na shilingi inayompeleka mtoto wao Fideli shule ya bweni ilitoka kwenye hivyo viwili. Inamahoro alilijua hilo bila kupiga hesabu yoyote.

*

Jumanne alikuja Mayala. Alikuwa kijana wa banda la nne, aliyekaa Dar miaka mitatu na kurudi na mashine ya kupimia magari, miwani ya jua na maneno mapya. Hakuitwa, alikuja kwa kuwa watu walikuwepo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba.”

“Nasikia umemlaza mgonjwa. Ngoja tumcheki kitaalamu.”

Akachomeka mashine yake chini ya usukani, akaunganisha na betri ndogo ya kuwashia taa, kioo kikajaa maandishi ya Kiingereza. Mayala akaigeuza mashine ikamkabili Marko, mbele ya mafundi saba na wateja wawili.

“Hebu tusomee, mzee. Wewe ndiye mwenye gari.”

Marko alivaa miwani yake, ile iliyofungwa mkono mmoja kwa gundi ya karatasi. Akasoma tarakimu, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya darasani. Maneno aliyaacha. Mtu mmoja akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Inamahoro, aliyekuwa anakusanya vikombe, alitamani kumnyang’anya Mayala ile mashine na kuitumbukiza kwenye ndoo ya kuoshea vyombo. Aliendelea kukusanya vikombe.

“Betri kubwa imekufa,” Mayala alihitimisha. “Ameichomoa bila utaratibu, imepata shoti, basi. Hapa ni kununua nyingine. Milioni nne na nusu, mimi naweza kuagiza. Shemeji wa Ulyankulu, mwambie mzee arudi kwenye taa za malori.”

Aliwaita hivyo watu wote wenye asili ya Burundi, na mtu akikasirika husema alikuwa anatania. Wazazi wa Inamahoro walifika Ulyankulu kama wakimbizi mwaka sabini na mbili, yeye alizaliwa huko huko, na cheti chake cha uraia kilikaa sandukuni pamoja na cha ndoa. Hakuwa na muda wa kumweleza Mayala hayo yote. Alimwambia alipe kwanza uji wa jana, na watu wakacheka kidogo, lakini kicheko hicho hakikumsaidia Marko.

*

Jumatano asubuhi Marko alikwenda kwa jirani yao mmoja, mstaafu aliyewahi kupanda nguzo za umeme, akaazima glavu nene za mpira. Usiku uliopita alikuwa ametazama video kwenye simu. Aliyezungumza alizungumza lugha asiyoijua, kwa hiyo alitazama mikono. Mikono ile ilivaa glavu. Ilizima gari, ikapeleka ufunguo mbali, ikachomoa plagi ya chungwa, kisha ikakaa bila kufanya kitu. Video ikarukia saa ya ukutani: dakika kumi. Ndipo mikono ikaanza kazi.

“Umeme wa nyumbani unakurusha,” alimweleza Inamahoro, ambaye alikuwa amemletea uji kabla wateja hawajafika. “Huu wa betri unakushika. Ukikushika haukuachii.”

“Na Jumatatu uliushika bila glavu.”

“Jumatatu nilikuwa sijui.”

Alilisema bila kumtazama, na Inamahoro akaona kwamba katika miaka yao yote hajawahi kumsikia akisema neno hilo kuhusu gari. Walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa wakangoja dakika kumi, Inamahoro akihesabu kwa Kirundi kimoyomoyo kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kuhesabu kwanza.

Zilipokwisha, Marko akaifungua plagi ya chungwa. Ndani yake, mahali ambapo Jumatatu aliona plastiki tu, kulikuwa na fyuzi nene kama kidole gumba. Akaweka nyaya za mita yake ya kupimia umeme kwenye ncha zake mbili. Mita nzima, ikikuta njia ya umeme, hulia. Hii haikulia. Akagusanisha nyaya zenyewe kwa zenyewe ili kuhakikisha, ikalia. Akazirudisha kwenye fyuzi, kimya.

“Fyuzi,” alisema, na uso ukamfunguka. “Mama Fideli, ni fyuzi tu. Betri haijafa. Mayala anataka kuuza betri.”

Kisha akafanya kile ambacho fundi yeyote wa uwanja ule angefanya, na ambacho yeye mwenyewe alikifanya mara elfu kwenye malori, mashine za kusaga na redio za watu. Alivuta kipande cha waya wa shaba, akaumenya kwa meno, akazisokota nyuzi zake saba pamoja ili kuziba pale fyuzi ilipokatika. Hivyo ndivyo fyuzi zinavyotengenezwa Tabora. Hakuna anayekwenda dukani kununua kitu ambacho waya unakiweza.

Inamahoro alimtazama akisokota. Hakujua umeme. Alijua tu kwamba mlio wa Jumatatu ulikuwa mkubwa.

“Na huo waya nao ukikatika?”

“Haukatiki. Nyuzi saba hizi.”

“Sasa hicho kilichokata fyuzi kitakwenda wapi?”

Marko aliendelea kusokota kidogo, kisha vidole vikapunguza mwendo, kisha vikasimama. Aliutazama waya. Fyuzi imewekwa ikatike ili kingine kisiungue, na hilo analijua hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Yeye alilijua tangu zamani, ila mazoea yalikuwa yamelifunika. Angeufunga waya ule, akabonyeza kitufe, na umeme wa volti mia mbili ungetafuta pa kutokea mahali pengine. Akautia mfukoni taratibu, na Inamahoro akainama akijifanya anaokota kikombe cha uji.

Alipokuwa ameinama hapo ndipo alipowaona sisimizi. Walitoka kwenye ufa wa ukuta, wakapanda gurudumu la nyuma kwa msururu mmoja, wakapita kwenye raba ya mlango na kuingia ndani. Walikwenda wengi, wakarudi wengi, wenye shughuli.

“Baba Fideli, gari hili lina nini kitamu?”

“Gari?”

“Sisimizi hawafuati petroli.”

Marko alivaa tena glavu. Akang’oa kiti cha nyuma, akafungua mfuniko wa betri, skrubu baada ya skrubu, akimulika kwa tochi ya simu. Sisimizi walikuwa huko. Walio hai walitembea juu ya waliokufa. Kwenye kona ya chini, sahani mbili za shaba zilikuwa zimegandwa katikati na uchafu mweusi, sisimizi waliobanikwa wakashikana, daraja tosha la kupitisha umeme, na pembeni mwa boliti kulikuwa na ukoga wa kijani, mbichi, kama rangi. Harufu ilipanda, chachu na tamu.

Inamahoro hakuhitaji mita. Nyumbani kwao mama yake aliwahi kusahau upawa wa shaba kwenye chungu cha asali, na baada ya wiki upawa ulikuwa na kijani hicho hicho na asali yote imekuwa chungu. Alichapwa yeye, mwenye miaka minane, ingawa aliyeusahau ni mama. Tangu siku hiyo shaba na asali hakuviweka nyumba moja.

“Ni asali,” alisema. “Tena ya masika, yenye maji. Hii huchachuka na kusukuma mfuniko wa ndoo. Lakini asali peke yake haitiririki mpaka huku. Imemwagiwa maji ya moto.”

Walitazamana. Kila mtu anayeuza asali anajua kwamba ikimwagika huoshwa kwa maji ya moto. Marko akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu Inamahoro akahisi njaa.

*

Alhamisi mchana walikwenda wote wawili nyumbani kwa Najiat, Marko akiwa na picha kwenye simu na kipande cha uchafu mweusi kwenye karatasi. Fyuzi ilikuwa tayari imeagizwa Dar, ya gari lililopata ajali, na ingefika kwa basi. Najiat aliwakaribisha barazani, akawatengea kahawa, akazitazama picha mpaka mwisho. Hakushangaa, na hilo Inamahoro aliliona kabla Marko hajamaliza kueleza.

“Ndoo ilipasuka mfuniko njiani, nikitoka Ipole,” Najiat alisema. “Lori lilikuwa limekwama kwenye tope. Nikapakia mwenyewe kwenye gari la kaka. Nyumbani nikamwaga birika mbili za maji ya moto, nikafuta, nikaona pamekuwa safi.”

“Basi dada, tumepata ugonjwa,” Marko alisema. “Nasafisha, nafunga fyuzi mpya, gari linawaka.”

“Linawaka, sawa. Na kaka yangu?”

Najiat akamrudishia Marko simu yake.

“Aliponipa gari aliniambia neno moja: usipakie asali. Na Jumatatu alipiga simu akasikia gari halipo, nikamwambia fundi ameliharibu. Wakati huo hata mimi niliamini hivyo. Sasa nikimwambia ni asali, ananyang’anya gari, ananyang’anya uwanja, maana hati anayo yeye, ananirudisha Dar nikakae nyumbani kwa mkewe nikimlelea watoto. Nimekaa huko. Sirudi.” Alikizungusha kikombe cha kahawa bila kunywa. “Fyuzi nalipa mimi, na kazi nalipa. Banda ni lako mpaka uchoke mwenyewe. Kesho akikuuliza kama ni wewe, useme ni wewe. Kwako ni neno moja, fundi.”

Marko aliikunja karatasi yenye uchafu, akaikunja tena, ikawa ndogo kama hirizi. Akaaga.

Walirudi kwa miguu, wakapita kanisani.

“Kosa langu ni kushika nisichokijua,” Marko alisema hatimaye. “Hilo nalikubali mbele ya yeyote. Lakini hili nimelijua. Nimelitafuta nikalipata, la kwanza la aina yake mjini hapa. Hata nalo nikubali kwamba sikulijua?”

Inamahoro alitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyewaona sisimizi. Alitaka pia kumwambia kwamba ana haki, kwamba fundi asiye na jina ni mtu anayekaa tu chini ya mabati. Kilichomtoka mdomoni kilikuwa kingine.

“Uji nitauzia wapi?”

Marko aliongeza hatua. Akatembea mbele kidogo, na Inamahoro, akiutazama mgongo wake wenye madoa ya grisi yasiyotoka kwa sabuni yoyote, aliona haya. Hata hivyo hakulirudisha neno lake. Lilikuwa neno la kweli.

*

Fyuzi ilifika Ijumaa asubuhi, imefungwa kwenye gazeti. Marko alikuwa amezisugua sahani za shaba kwa mswaki na spiriti, amebadilisha boliti mbili zilizoliwa, ameziba kwa raba mahali maji yalipopita. Aliangalia glavu kama zina tundu. Alirudisha plagi, akasukuma mpini wa plagi mpaka ukabana, akakaa kwenye usukani na kubonyeza kitufe.

Haibridi nzima haingurumi. Kwenye dashibodi neno dogo la kijani liliwaka, la kusema gari liko tayari, na basi. Hakuna aliyetoka chini ya lori. Hakuna aliyeshusha nyundo. Marko alishusha kioo akamtazama Inamahoro getini, akainamisha kichwa kidogo kwamba ndiyo, naye akaitikia kwa upawa. Watu waliokuwa wanakunywa uji waliendelea kunywa uji.

Saa nane kasorobo Najiat alikuja, na simu ikaita. Akaiweka sauti ya nje, kwa kuwa kaka yake ndivyo alivyotaka, na mafundi wakasogea wenyewe. Mayala alisimama mbele.

“Linatembea?” sauti iliuliza.

“Linatembea, kaka.”

“Nipe huyo fundi. Fundi?”

“Naam, bosi.”

“Wewe ndiye uliyelipua betri ya gari langu?”

Marko alimtazama Najiat, aliyekuwa anaangalia viatu vyake. Kisha akamtazama mkewe. Inamahoro alikuwa ameushika upawa, na uji uliokuwa ndani yake ulikuwa unadondoka mezani. Angeweza kutikisa kichwa kumkataza. Alikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kukitikisa. Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza.

“Ni mimi,” Marko alisema.

“Ulikuwa hujui?”

“Nilikuwa sijui.”

“Basi siku nyingine usishike magari ya watu usiyoyajua. Mshukuru dada yangu ana huruma.”

“Nashukuru, bosi.”

Mayala alimpiga Marko begani, kwa upole wa kweli, na hilo lilikuwa baya kuliko utani. “Pole mzee. Mambo ya teknolojia haya.”

Gari likaondoka bila sauti. Likapita getini, likapita meza ya uji, na sisimizi wachache walioachwa pale lilipokuwa limeegeshwa wakahangaika chini kutafuta njia.

*

Banda halikuhamishwa. Katika wiki tatu zilizofuata haibridi mbili zilifika gerejini, moja ikitokea Tura, na madereva wote wawili waliuliza getini kwa sauti ya chini kama yule fundi aliyelipua gari bado yupo, ili wajue wasiende kwake. Inamahoro aliwaelekeza banda la nne. Mayala aliwahi kuja nyuma ya mabati, watu wakiwa wametawanyika, akamuuliza Marko ile fyuzi hasa inakaa wapi. Marko alimwonyesha. Alimwonyesha na glavu, akamwambia habari za dakika kumi. Akarudi kwenye taa za malori.

Najiat alileta ndoo ya asali, lita tano, akaiacha nyumbani kwao wakiwa misa. Inamahoro alipoiona mlangoni alitaka kuirudisha siku hiyo hiyo. Aliinyanyua, akatoka nayo mpaka njiani, akasimama. Halafu akarudi nayo ndani, akaimimina kwenye dumu la plastiki, akalifunga vizuri na kuliweka mbali na sufuria zake.

Asubuhi walikuwa na chai na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa tangu mavuno. Marko alichovya kipande kwenye asali, akala, akachovya kingine. Akamsogezea mkewe bakuli. Inamahoro alionja kwa ncha ya kidole, akitumaini ingekuwa imechachuka. Ilikuwa asali nzuri ya Ipole, tamu mpaka mwisho, na hilo ndilo lililomuuma. Akachovya tena, wakala wote wawili mpaka bakuli likaisha, kisha wakaenda gerejini.